Madaftari ya Mzee Kamba Hayana Kufuli

Marehemu, aliyejulikana mitaa yote kwa jina la Mzee Kamba, alizaliwa tarehe 3 Mei 1958. Hivyo ndivyo cheti kinavyosema. Dada yake mkubwa, huyu aliyekaa mbele, anasema cheti kinadanganya, kwani yeye alikuwepo na alimpakata mtoto siku hiyohiyo, na ulikuwa mwaka 1957, wiki ile mvua ilipobomoa jiko. Tarehe zote mbili zimeandikwa, kila moja na msemaji wake, kwa sababu marehemu hakupenda mtu afute namba ya mwenzake bila kueleza. Mwenye ushahidi wa tatu aje baada ya maziko. Nafasi imeachwa pembeni.

Alizaliwa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali, mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa mchimba visima, mtu aliyerudi nyumbani na tope masikioni. Mama yake alifua nguo za watu. Nyumba ile haikukosa maji hata siku moja, ilikosa vingine vyote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1966 hadi Novemba 1972, akaishia darasa la saba. Kichwa hakikuwa kizito, mfuko wa nyumbani ndio uliokuwa mwepesi. Akiwa darasa la tano, mwalimu wa hesabu alimkuta amelisogeza daftari lake ili jirani yake wa dawati anakili. Wote wawili wakaitwa mbele.

"Kwa nini unamwachia akuibie?" mwalimu akauliza.

"Hajaniibia, mwalimu. Majibu yangu si haya hapa, bado ninayo?"

"Unajifanya mjanja!"

"Halafu kaniambia swali la nne nimekosea. Nimeangalia, kweli nimekosea."

Mwenzake alichapwa viboko vitatu. Yeye alichapwa vinne, cha nne kikiwa cha ujuvi. Jirani yule wa dawati leo ana duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyetoa saruji ya kaburi hili. Amesema lile swali la nne bado analikumbuka.

Alipotoka shule alichimba visima pamoja na baba yake, na ni kisimani alikompata mke. Walikuwa wakichimba katika ua wa nyumba ambamo msichana mmoja alifanya kazi za ndani. Kijana alipopanda juu, tope mwili mzima, yakionekana meno tu, yule msichana aliangua kicheko mpaka akamwaga ndoo aliyoishika.

"Cheka tu, dada," kijana akamwambia. "Maji yenyewe utayanywa."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Agosti 1982. Mkewe hakuwahi kukaa kwenye dawati maishani mwake, hajui kusoma wala kuandika, na katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa mumewe hakumtania kwa hilo hata mara moja, mbele za watu wala faraghani. Wapo waliomtania. Tutawafikia. Mungu aliwajalia watoto watatu: wa kwanza mwaka 1983, wa pili 1987, na kitinda mimba mwaka 1997, binti.

Jumatatu tarehe 12 Februari 1990 marehemu aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa maji, ile yenye ukuta wa kijani na lango la chuma, akiwa mpimaji msaidizi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Visima arobaini na vitatu, kila wiki, Alhamisi na Ijumaa. Unateremsha kamba yenye jiwe mwishoni na fundo kila nusu mita. Jiwe likigusa maji mkono unajua kabla ya sikio. Unahesabu mafundo, unaandika. Kisha unajaza chupa moja, unaibandika karatasi yenye namba ya kisima na tarehe, unaipeleka maabara.

Mwaka 1996 mwenzake aliyekuwa akishika kamba alihamishwa. Taasisi ikasema mwingine anatafutwa, na mpaka leo anatafutwa. Mkewe ndiye aliyeshika kamba, miaka kumi na tisa, bila mkataba, bila hata buti za mpira. Mke alihesabu, mume akaandika, na chini ya kila ukurasa marehemu aliweka mstari uleule: "Aliyeshika kamba: mke wangu." Hakuna ukurasa aliousahau.

Chupa zilikwenda maabara, majibu yakapanda ghorofani. Huko kulikuwa na kabati la chuma la rangi ya kijivu, na ufunguo wake ulining'inia kwenye mkanda wa Profesa, mkuu wa utafiti ule. Marehemu alimuuliza mara nyingi, tena kwa adabu, kofia mkononi.

"Profesa, samahani. Yale maji tunayoleta yana nini?"

"Takwimu bado changa, mzee. Tukizitoa sasa wenzetu watatutangulia."

"Kututangulia wapi?"

"Kuchapisha."

"Na sisi tunaoyanywa?"

"Subira, mzee. Sayansi haina haraka."

Haikuwa na haraka kweli. Chupa za kupima madini ya floraidi zilianza kupelekwa mwaka 1998. Makala ya Profesa ilitoka Aprili 2007. Palifanyika hafla ukumbini, pakanywewa soda, na marehemu akaitwa kupanga viti. Alipomaliza kupanga alichukua nakala moja mezani. Ilikuwa kwa lugha ya kigeni, lakini namba hazina ugeni. Ukurasa wa sita palikuwa na jedwali la visima vyote arobaini na vitatu, mwaka kwa mwaka. Akatelezesha kidole mpaka namba kumi na saba.

Kisima namba kumi na saba ni kisima cha ua wake mwenyewe.

Floraidi yake ilikuwa mara nne ya kiwango kinachofaa kunywewa, na ilikuwa hivyo tangu mstari wa kwanza, mwaka 1998. Madini hayo hayana rangi wala harufu. Humwingia mtoto, yakamharibia meno yakiwa bado ndani ya fizi, na akiyanywa miaka mingi hupinda mifupa. Kitinda mimba wake alikuwa na miaka kumi. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye vishimo, na alikwisha kujifunza kucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Kwa miaka mingi mama yake alimsugua kwa majivu kila asubuhi mpaka fizi zikatoka damu, akimwita mchafu. Mchafu! Mtoto aliyeoga na kupiga mswaki kuliko wenzake wote, kwa maji yaleyale. Mama huyo angali anaisikia sauti yake mwenyewe ikilitamka neno hilo, na kila mara inamtia kinyaa.

Marehemu alirudi nyumbani na makala mkononi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatapika. Mkewe alidhani ni soda za ukumbini.

"Umekula nini huko?"

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa nimewabebea siri yangu mwenyewe. Naichota uani kwangu, naipeleka kwao mikono miwili, wanaifungia. Kisha narudi nyumbani naikoroga kwenye chai ya mwanangu."

Mtoto wa kwanza ndiye aliyewasomea makala kwa lugha wanayoielewa. Mwishoni palikuwa na shukrani. Profesa alimshukuru dereva. Aliwashukuru wafadhili. Alimshukuru mkewe kwa uvumilivu wake wakati wa kuandika. Mke aliyeshika kamba hakuwemo, wala mume wake, wala wenye visima arobaini na vitatu waliofungua mageti yao kila wiki wakidhani wanasaidiwa. Na mtu wa kisima chochote kati ya hivyo akitaka kuisoma makala hiyo mtandaoni, alitakiwa kwanza ailipie, alipie kuambiwa kilichomo ndani ya ndoo yake.

Aliinuka pale kwenye ndoo mtu mwingine. Kesho yake alikifunga kisima chake kwa zege. Jumamosi iliyofuata alipigilia ubao mweusi kwenye ukuta wa nje wa nyumba, unaotazama barabara, akaandika visima vyote: namba, kina cha maji, floraidi. Kumi na moja vyenye ubaya akavizungushia duara jekundu. Kuanzia siku hiyo, kila Jumamosi, miaka kumi na sita na zaidi, ubao ule uliandikwa upya.

Wapo waliouliza majibu ya floraidi aliyapata wapi, ilhali kabati halikufunguliwa. Sasa hakuna wa kudhurika, tuseme. Chupa zikimwagwa maabara zilirudi kwake tupu zijazwe tena. Mama wa maabara, ambaye sasa amestaafu na yuko hapa leo, tangu ubao ule upigiliwe alikuwa akiandika jibu kwa penseli nyuma ya ile karatasi ya namba kabla ya kuirudisha chupa. Marehemu alibandua karatasi, akanakili, akabandika mpya. Hawakuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo. Wakikutana kwenye korido waliulizana habari za wajukuu.

Madaftari yake aliyaweka sebuleni, kwenye rafu isiyo na mlango. Yeyote aliruhusiwa kuja kusoma, na kunakili kwa mkono au kwa simu. Aliyenakili alitakiwa kuandika jina lake na tarehe kwenye ukurasa wa nyuma, na akiona kosa aliandike palepale, asione haya. Na alipompa mtu nakala alimwambia maneno haya, huku amemshika mkono asiondoke kabla hajayasikia: "Ukiipeleka mbele, sema umeitoa wapi. Na ulivyoipata wazi, iache wazi. Usije ukafunga mlango nyuma yako."

Kitinda mimba alipofika sekondari na kuanza kujifunza kompyuta, siku moja alirudi mbio.

"Baba! Kumbe kuna watu huko kwenye kompyuta wanafanya kama wewe. Wanaandika programu, wanaiacha wazi, kila mtu anaiona ndani, anaichukua, akiona kosa anarekebisha na kuwarudishia wote. Wanaita programu huria."

"Wako wengi?"

"Dunia nzima, Baba."

"Kawaulize kama na wao hufukuzwa kazi."

Alilisema kwa utani. Bado alikuwa na kazi wakati huo.

Alhamisi tarehe 9 Juni 2011, kisima namba tisa, kamba ilikatika. Mkewe aliiunga palepale kwa kipande cha kamba ya kuanikia nguo, akakaza vizuri, kazi ikaendelea. Lakini kipande kile kilikuwa kirefu kuliko kilichopotea. Kati ya fundo la sita na la saba pakawa na mita nzima badala ya nusu, na kwa kuwa alizoea kuhesabu mafundo na si kutazama nafasi baina yake, hakuona. Mumewe naye hakuona. Kwa mwaka mmoja na miezi mitatu kila kisima kirefu kiliandikwa kuwa maji yako juu kuliko yalivyo, kwa nusu mita.

Aliyegundua ni fundi bomba, kijana mmoja mwenye maneno mengi, aliyenakili namba ubaoni akaenda kufunga bomba kisima cha ishirini na mbili. Alirudi jioni, suruali imelowa mpaka magotini.

"Mzee Kamba, shikamoo. Ama bomba langu limepungua, ama kisima chako kimezama."

"Marahaba. Kwa kiasi gani?"

"Nusu mita kasoro kidole."

Marehemu aliitandaza kamba sebuleni toka mlango hadi mlango, akaipima kwa futi ya seremala. Walipofika fundo la sita mkewe aliona kabla ya futi kufika. Akaketi sakafuni.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyeiunga."

"Na mimi ndiye niliyeandika," mumewe akajibu. Kisha, watu wa nyumba hiyo ni mashahidi, alicheka. Alimkumbatia fundi bomba na suruali yake ya tope. "Mnaona faida ya ubao? Lingekuwa kabatini kosa hili lingezeeka humo!"

Alichukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye madaftari yote mawili ya kipindi hicho: "Kosa letu sote wawili, kuanzia 9 Juni 2011. Kina kikizidi mita tatu, ongeza nusu mita. Aliyegundua: fundi bomba." Jumatatu tarehe 17 Septemba 2012 alipeleka sahihisho hilo taasisi kwa mkono wake mwenyewe. Profesa alilisoma akiwa amesimama.

"Namba hizi nimeshaziingiza kwenye ripoti, mzee."

"Basi ongeza nusu mita tu. Nitakaa nawe, tutamaliza leo."

"Nikiongeza nitaulizwa kwa nini. Ripoti iko kwa wafadhili. Na huyu fundi bomba ni nani? Ana shahada gani?"

"Ana bomba, Profesa."

Profesa aliikunja karatasi mara mbili akaitia mfukoni. Mfukoni, kama risiti ya dobi.

Kwa ripoti hiyohiyo, mwaka 2014 ilifungwa pampu ya umeme kwenye kisima cha zahanati. Februari 2015 kiangazi kilipokaza, maji yakashuka chini ya pampu kwa nusu mita ileile, ikanyonya hewa, ikaungua. Akina mama waliokuja kujifungua walibebewa maji kwa ndoo wiki tano. Kwenye ubao wa barabarani namba sahihi ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 2012, kwa chaki, mtoto wa chekechea angeiona.

Wafadhili walipokuja kuuliza, Profesa hakuitoa ile karatasi mfukoni. Aliwaambia, mbele ya wafanyakazi wote, mkewe marehemu akiwa amesimama mlangoni na ndoo yake ya chupa: "Tatizo liligundulika kuwa ni la upimaji. Mpimaji alikuwa akimtumia mkewe, mama asiyejua hata kusoma. Sasa mnategemea nini?" Wageni wakatabasamu kwa huruma. Miaka kumi na tisa alikuwa hayupo kwenye makala, hayupo kwenye shukrani, hayupo kwenye orodha ya mishahara. Siku ya lawama ndipo alipopatikana, tena upesi.

Marehemu aliachishwa kazi Ijumaa tarehe 27 Machi 2015, baada ya miaka ishirini na mitano. Barua ilimtaka arudishe madaftari yote, "mali ya taasisi". Alijibu kwa mstari mmoja, nakala yake ipo: "Njooni mnakili, karibuni sana." Hawakuja. Hawakutaka namba, walizokuwa nazo hawakuzitumia. Walichokitaka ni kalamu nyekundu isionekane, na tarehe iliyo pembeni yake.

Hakuacha kupima. Alinunua kamba mpya, wakaifunga mafundo pamoja na mkewe, futi ikiwa katikati yao, wakaenda Alhamisi na Ijumaa kama kawaida. Mama wa maabara alipostaafu aliwafundisha kutumia kipimo kidogo cha mkononi. Visima vile kumi na moja havinywewi tena, vinatumika kufulia na kujengea. Watoto wa mitaa ile walikuwa na mchezo wao: wakimwona anakuja na kamba begani wanapanga mstari na kukenua. Yeye anapita akiwakagua kama afisa wa jeshi. "Meupe. Meupe. Wewe peremende zimezidi. Meupe." Akifika nyumbani siku hizo aliitundika kamba ukutani. Alimtazama binti yake, kisha akatazama pembeni.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2022. Tarehe 30 Oktoba 2023 alilazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Huko nako aliwasumbua, kwa wema. Muuguzi alipolitundika faili miguuni pa kitanda, alilitaka.

"Haturuhusiwi kumpa mgonjwa faili, baba."

"Mwanangu, hiyo damu iliyoandikwa humo ni ya nani?"

"Yako, baba."

"Basi nisomee tu. Sitaichukua, ninayo nyingine."

Muuguzi alicheka, akamsomea, na ikawa hivyo kila asubuhi. Wiki ya pili marehemu aligundua kuwa uzito wake umeandikwa wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Dozi ilirekebishwa siku hiyo. Muuguzi huyo ameomba jambo hilo liandikwe hapa, na tumeliandika.

Jumanne tarehe 16 Januari 2024 Profesa alifika wodini, na mkebe wa biskuti na fomu. Hakumuuliza mgonjwa hali. Mgonjwa alikuwa amelala, akamgeukia mkewe na kisanduku cha wino wa kidole kikiwa kimeshafunguliwa.

"Pole sana, mama. Hapa weka dole gumba tu. Ni kwa ajili ya kuhifadhi kazi ya mzee isipotee."

"Inasemaje?"

"Mambo ya kitaalamu. Ni marefu, mama, hutayaelewa."

"Nimewahesabia mafundo miaka kumi na tisa. Soma, nitahesabu."

Hakusoma. Kitinda mimba aliyekuwa akitoka kuchota maji ya moto aliichukua karatasi, akaisoma kwa sauti wodi nzima ikisikia. Ilisema madaftari yote, nakala zote na takwimu zote zilizopo na zitakazopatikana zinakuwa mali ya taasisi, na familia haitazionyesha kwa mtu mwingine yeyote.

"Mbona unanisomea kama polisi, binti?" Profesa akasema, akicheka. "Sisi ni watu wa nyumba moja."

Binti naye alicheka. Hakuweka kiganja mdomoni. Profesa aliyaona yale meno kwa karibu, pengine kwa mara ya kwanza akaliona jedwali lake la ukurasa wa sita lina midomo, akageuza uso, akaanza kutafuta funguo za gari. Wino aliusahau. Mkewe marehemu aliutupa kwenye ndoo ya taka za wodini, pamoja na mkebe wa biskuti, na akanawa mikono mara mbili.

Marehemu alifumbua macho. Alikuwa hajalala.

"Amenakili?" akauliza.

"Hakunakili. Alitaka kubeba."

"Basi yapelekeni yenyewe nje."

Alifariki dunia Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano kwa mujibu wa cheti, au sitini na sita kwa mujibu wa dada yake.

Alhamisi, siku mbili baadaye, waombolezaji wakiwa uani, gari la taasisi lilisimama mlangoni. Profesa alishuka na shada la maua, dereva akafuata na maboksi mawili matupu ya karatasi ya kuchapia. Aliomba mambo mawili: apewe dakika kumi za kuzungumza leo juu ya mchango wa marehemu, kwa kuwa, alisema, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wake, na madaftari yawekwe kwenye maboksi "kabla hayajaliwa na mchwa". Walioyaona yale maboksi yamewekwa pembeni ya jeneza tupu lililokuwa limeletwa asubuhi hiyo hawatayasahau. Mkewe marehemu hakugombana, hapakuwa mahali pa kugombana. Alimwambia, "Njoo Jumamosi, Profesa. Yatakuwa nje."

Leo ni Jumamosi, na yako nje. Madaftari yote thelathini na moja yako kwenye meza ndefu kulia kwa lango, na fundi bomba ameketi hapo kuyalinda yasinyeshewe. Mwenye simu apige picha. Mwenye kalamu aandike. Kurasa kumi na mbili za mwisho za ratiba mliyoishika mkononi hazina nyimbo wala picha. Hizo ndizo namba za visima arobaini na vitatu, mwaka kwa mwaka, pamoja na kosa la tarehe 9 Juni 2011, sahihisho lake na jina la aliyeligundua. Tulichapa nakala mia sita, zipelekeni mbele. Chini ya ukurasa wa mwisho pana mistari mitupu. Mtakapoona tumekosea, pameachwa kwa ajili yenu.

Profesa naye, ambaye ameketi safu ya pili, anakaribishwa mezani. Ataandika jina lake na tarehe kwenye ukurasa wa nyuma kama wote walioandika tangu mwaka 2007, na atapanga foleni, nyuma ya watoto wa mtaa. Maboksi arudi nayo.

Anayewasomea haya ni kitinda mimba wa marehemu. Amesema mwenyewe yaandikwe na atayasoma mwenyewe. Mtazameni anapofungua mdomo. Hiki ndicho kilichokuwa kabatini miaka tisa.

Marehemu ameacha mjane, aliyeshika kamba. Ameacha watoto watatu: fundi cherehani, dereva wa lori na mwalimu wa hesabu. Ameacha wajukuu watano, wote wenye meno meupe, dada mmoja na tarehe yake, na ubao mmoja wa barabarani ambao utaandikwa leo alasiri baada ya maziko, kama Jumamosi zote. Alhamisi ijayo mjane atashika kamba na kitinda mimba ataandika.

Jiwe limegusa maji, Mzee Kamba. Mkono umejua. Pumzika kwa amani, na mlango tumeuacha wazi.